Sahani Tupu ya Mizani

Jioni moja ya mwezi wa Julai, wakati upepo wa nyika za Athi-Kapiti unapoishukia Kitengela ukiwa umebeba ubaridi pamoja na vumbi la viwanda vya saruji, nilisimama katika duka la nyama kando ya barabara ya Namanga nikingoja zamu yangu nyuma ya bibi mmoja wa Kimaasai, mtu mzima sana, aliyejitanda shuka na kuegemea fimbo. Muuzaji alikuwa amekwisha kukata nyama yake na anainua mkono kuitia katika sahani ya mizani, ndipo bibi yule akamzuia kwa upole na kumwambia, "Mwanangu, nionyeshe kwanza sahani tupu." Kijana akairudisha nyama juu ya gogo, akaipangusa sahani kwa kitambaa, akaiacha itulie, na sote tuliokuwapo tukaona kwamba mshale haukusimama juu ya sifuri, bali ulikuwa umekwisha kuivuka kwa upana wa ukucha, ilhali hapakuwa na kitu chochote kilichopimwa. Kijana hakuwa mlaghai. Alishangaa kuliko sisi, akamwomba bibi radhi, akageuza parafujo ndogo iliyokuwa chini ya sahani hata mshale ukarejea mahali pake, kisha akapima.

Neno lile la bibi halikunitoka moyoni, kwa sababu ndani yake mna jibu la suali ambalo wenye dini na wenye hekima wamelijadili tangu kale: je, kiumbe dhaifu kama mwanadamu, ambaye hisi zake zina taksiri na ambaye matamanio yake huivuta mizani upande autakao, anaweza kutoa ushahidi wa kweli juu ya kitu asichokiona, na kama anaweza, ni kwa sharti gani? Kurani na Biblia zote mbili zimewakemea vikali wanaopunja vipimo, na watu wengi hudhani kwamba karipio hilo linawahusu wenye maduka tu. Mimi naona linamhusu kila anayesema "nimeona" au "najua". Na kwa kuwa hoja hupata nguvu inapojaribiwa mahali pagumu, nitaichukua mbali na duka la nyama, niipeleke kwa watu wanaopima kitu kigumu kupita kiasi, nao ni wale wanaozinasa nuru za gama zitokazo mbinguni.

Wengi wetu huku Kajiado hatujui kwamba elimu hiyo ilipiga moja ya hatua zake za kwanza katika nchi yetu wenyewe, au niseme kwa insafu, katika maji yetu. Kaskazini ya Malindi, katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, Wataliano chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la chuma baharini wakaliita San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya taifa, ilirushwa kutoka hapo satelaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei, na Bibi Marjorie Townsend aliyeusimamia mradi huo akaipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya watu wa Kenya. Jina hilo limekwisha kuingia katika vitabu vya ulimwengu mzima. Ndugu yake wa pili hakubahatika kupata jina zuri. Aliitwa SAS-2 tu, akarushwa kutoka jukwaa lile lile tarehe 15 Novemba 1972, naye ndiye aliyebeba darubini ya gama ninayotaka kuizungumza.

Nuru ya gama ni jamaa ya nuru ya jua, lakini ni jamaa mwenye nguvu zisizozoeleka: chembe moja ya zile alizozipima SAS-2 ilikuwa na nguvu zaidi ya mara milioni kumi ya chembe moja ya nuru inayotuangazia mchana. Kioo hakiwezi kuirudisha, wala lenzi haiwezi kuipinda, kwa hiyo darubini yake haifanani hata kidogo na zile tuzijuazo. Ni sanduku lenye mabamba membamba ya metali nzito iitwayo tangsteni, yaliyopangwa moja juu ya jingine, na katikati yake nyaya na gesi. Mwale unapopenya bamba hutoweka, na mahali pake huzaliwa chembe mbili, elektroni na positroni, moja yenye chaji hasi na nyingine chanya, ambazo hushuka zikiwa zimeachana kidogo kama panda ya manati, zikiwasha cheche katika gesi kila zipitapo. Na nyaya hunakili mahali pa kila cheche. Msomaji na atafakari jambo hili. Hakuna aliyewahi kuuona mwale wenyewe. Wakati wa kujulikana kwake ndio wakati wa kufa kwake, na kinachobaki kwa kadhi ni mashahidi wawili wanaosimulia njia waliyoijia, naye kwa ushahidi wao ahukumu mwale ulitoka upande gani wa mbingu na ulikuwa na nguvu kiasi gani.

Mashahidi hao nao huharibika kwa kuulizwa. Ukiyafanya mabamba kuwa manene, utanasa miale mingi, lakini chembe mbili zile zitagongwa na kuyumbishwa ndani ya metali hata upande zilikotoka upotee. Ukiyafanya membamba, utaujua upande vizuri, lakini miale mingi itapita bila ya kunaswa. Hapana bamba lenye kutimiza haja zote mbili. Darubini ya siku zetu iliyo kubwa kuliko zote za namna hii, ile ya satelaiti ya Fermi iliyorushwa mwaka 2008, ilitatua shida hiyo si kwa kuiondoa bali kwa kuikubali: ina tabaka 12 nyembamba juu na 4 nene chini, na mwenye kuisoma sharti aseme kila mara kama shahidi wake ametoka juu au chini.

Hata hivyo, shida iliyo kubwa kuliko zote haikuwa hiyo, bali wingi wa mashahidi wa uwongo. Anga lote limejaa chembe zenye chaji ambazo huenda huku na huku kwa kasi kubwa, na kwa kila mwale mmoja wa kweli unaoingia katika sanduku, chembe hizo huingia kwa maelfu, kila moja ikiacha cheche zake. Dawa iliyotumika ni kulifunika sanduku kwa kuba la plastiki ambalo hutoa mmweko mdogo kila chembe yenye chaji inapolipenya. Nuru ya gama haina chaji, hivyo hupita kimya. Kuba likimweka, ushahidi unakataliwa, likinyamaza, unasikilizwa. Anayeijua elimu ya Hadithi atatambua hapa kanuni anayoifahamu, kwa kuwa Imam Bukhari na wenziwe hawakutosheka kusikia habari peke yake, bali walimuuliza kila mpokezi amepokea kwa nani na aliingia kwa mlango gani, na waliyoyaacha yalikuwa mengi mno kuliko waliyoyaandika.

Wingi wa chembe hizo ndio sababu mojawapo kubwa ya kuirusha SAS-2 kutoka Kenya. Uga wa sumaku wa dunia hupotosha nyingi katika chembe hizo karibu na ikweta, na satelaiti inayorushwa kutoka Ungwana huweza kuzunguka juu ya ikweta bila ya kupanda kaskazini wala kusini. Njia ya SAS-2 iliinama nyuzi 2 tu. Kwa hiyo ilikwepa kwa kiasi kikubwa lile eneo baya lililo juu ya kusini ya Atlantiki ambako chembe zimerundikana, na ikafanya kazi mahali palipo tulivu. Hapakuwa na ufundi mpya katika hilo. Palikuwa na busara ya kuchagua mahali pa kukaa kabla ya kusikiliza, kama kadhi anayehama sokoni kwenda kuketi chini ya mti.

Lakini ukali wa kuwakataa mashahidi una hatari yake, na jambo hili lilifundishwa na chombo kilichokuja baadaye, EGRET, kilichorushwa mwaka 1991. Ilionekana kwamba mwale wenye nguvu nyingi sana, ukishaingia kwa halali na kugonga fuwele nzito zilizo chini, hurusha vipande nyuma juu, na vipande hivyo hulipiga kuba kutoka ndani. Kuba likamweka, na mwale wa kweli ukakataliwa kwa kosa lisilo lake. Kadiri shahidi alivyokuwa na nguvu, ndivyo alivyozidi kutiliwa shaka. Walioijenga Fermi waliligawa kuba lao katika vigae 89, ili kigae kinachoulizwa kiwe kile tu kilicho katika njia ya mwale, wala si kila kigae kilichopata kelele. Naomba wenzangu tunaowapima watu kwa dini zao, kabila zao na makosa ya baba zao, tuuangalie sana mfano huu wa vigae.

Sasa narudi kwa bibi wa Kitengela. Kwa kuwa SAS-2 ilikuwa imekaa mahali patulivu, na kwa kuwa kuba lake lilifanya kazi vizuri, wataalamu wake, wakiongozwa na Carl Fichtel wa kituo cha Goddard huko Marekani, waliweza kufanya jambo ambalo waliotangulia hawakuliweza kwa uhakika kama huo: kuitazama sahani tupu. Waliuelekeza uso wa darubini mbali na ukanda wa nyota tuuitao Njia ya Maziwa, mahali ambapo hapakudhaniwa kuwa na kitu, ili wajue chombo chenyewe kinaongeza nini katika hisabu. Wakatoa kosa hili, wakatoa lile, na walipokwisha kutoa yote waliyoweza kuyatoa, mshale haukurudi kwenye sifuri. Palibaki nuru hafifu, sawa kila upande, isiyotoka ndani ya chombo wala katika nyota zetu. Ilikuwa nuru ya kweli. Leo, baada ya kazi ya Fermi, tunajua kwamba sehemu kubwa ya nuru hiyo ni majumba ya nyota yaliyo mbali mno, kila moja dhaifu kiasi cha kutoweza kubainishwa peke yake. Lau wapimaji wale wasingalilijua kosa lao wenyewe kwa hisabu ya haki, nuru hiyo ingalihesabiwa kuwa taksiri ya chombo na kutupwa; au kinyume chake, taksiri ya chombo ingalitukuzwa na kuitwa nuru ya mbinguni. Mimi naliona hili kuwa jambo tukufu kupita yote aliyoyafanya SAS-2, ambaye umri wake ulikuwa mfupi, kwani mtambo wake wa umeme uliharibika tarehe 8 Juni 1973, akanyamaza.

Katika miezi ile michache, katika burji ya Jauza, SAS-2 alikuwa ameona kitu kingine. Palikuwa na mahali penye kung'aa kwa gama, lakini kila darubini nyingine iliyoelekezwa pale haikuona nyota ya maana. Mtaalamu Mtaliano Giovanni Bignami akakiita kitu hicho Geminga, jina lililotokana na burji yenyewe, na ambalo katika lahaja ya watu wa Milano husikika kama mtu anayesema, "haipo". Walitafuta miaka mingi. Wachunguzi wakaipitia miale michache ya SAS-2 wakitafuta mdundo, kwa maana baadhi ya nyota zinazong'aa kwa gama hupigapiga kama moyo, na wakadhani wameupata: mpigo mmoja kwa kila sekunde 59 hivi. Wengine wakaungana nao kwa data za satelaiti nyingine. Kisha, karibu na mwaka 1985, wenye hisabu kali zaidi wakaonyesha kwamba idadi ya miale haikutosha kuthibitisha dai hilo. Mtu akijaribu midundo mingi ya kutosha juu ya data chache, hakosi kupata mmoja unaompendeza. Mdundo wa sekunde 59 ukaanguka.

Mwaka 1992, Halpern na Holt, wakitumia satelaiti ya Kijerumani ya ROSAT, wakaupata mdundo wa kweli: sekunde 0.237, yaani zaidi ya mara nne katika kila sekunde. Na hapo ndipo lilipotendeka jambo linalonigusa hata leo. Wataalamu walirudi katika kumbukumbu za SAS-2, chombo kilichokuwa kimekufa miaka 19 iliyopita, wakaipanga miale ile ile michache kwa mdundo mpya, na tazama, mdundo ulikuwamo. Ulikuwamo siku zote. Chombo kilichorushwa kutoka Ngomeni kilikuwa kimesema kweli tangu mwanzo, na waliokosea walikuwa wasomaji wake, waliotia katika ushahidi wake kitu walichokitamani. Kosa, basi, lina nyumba mbili: linaweza kukaa katika mizani, na linaweza kukaa katika moyo wa anayeusoma mshale, na kulisahihisha la kwanza hakumponyi mtu na la pili.

Tena, si mizani na macho tu. Mawe ya kupimia nayo huhitaji kuchunguzwa. Kwa miaka mingi Nebula ya Kaa, mabaki ya ile nyota iliyolipuka mwaka 1054, ambayo wataalamu kadhaa huiona kuwa ndiyo nyota mpya iliyotajwa na Ibn Butlan, tabibu wa Baghdad, katika mwaka 446 wa Hijra, ilisifiwa kwa uthabiti wa nuru yake. Vyombo vipya vilisawazishwa kwayo, na mng'ao wa vitu vingine ulielezwa kuwa ni sehemu kadha wa kadha ya "Kaa". Mwezi wa Septemba 2010 satelaiti ya Kitaliano AGILE, ambayo data zake zilikuwa zikishuka katika antena za Malindi, iliona nuru ya gama ya Kaa ikipanda mno kwa siku chache kisha ikatulia, na Fermi ikathibitisha. Habari hiyo ilisadikiwa kwa tabu, kwa sababu mtu anapoona jiwe la ratili linabadilika uzito, jambo la kwanza analolidhania ni kwamba mizani yake imevunjika. Marco Tavani na wenziwe wa AGILE walituzwa kwa ajili yake mwaka 2012.

Wako watu wema wanaoniuliza, je, huku si kuchungulia ghaibu, na si afadhali kuyaachia mambo ya mbingu mwenye mbingu? Nawajibu kwa heshima kwamba wazee wa Kimaasai wa nyika hizi hawakuacha kukitazama Kilimia, wakiziona nyota zake kama ng'ombe wanaofuatana, wakajua kwazo majira ya mvua. Na hakuna aliyewahesabia dhambi. Dhambi haimo katika kupima, imo katika kupunja. Wako wengine, aghalabu vijana waliosoma, wanaoelekea upande wa pili na kusema kwamba maadamu kila kipimo kina kosa, basi hakuna kweli, na kila mtu na ashike lake. Hawa wananihuzunisha zaidi. Bibi yule alipouona mshale umevuka sifuri hakusema kwamba uzito ni uwongo, wala hakurudi nyumbani bila ya nyama. Alingoja kosa lirekebishwe, akapimiwa, akalipa.

Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika kitabu kizima cha kumtilia shaka Batlamyus, alimtaka mtafutaji wa kweli ajitilie shaka hata yeye mwenyewe anapochunguza. Wanazuoni wetu wa pwani, kila walipomaliza kutoa hukumu juu ya suala gumu, waliandika chini yake kwamba Mungu ndiye ajuaye zaidi. Nilipokuwa kijana nililidhania neno hilo kuwa adabu tu, kama salamu ya mwisho wa barua. Sasa naliona kuwa ni sehemu ya hukumu yenyewe, sawasawa na ile tarakimu ndogo ambayo mpimaji wa nyota huiandika pembeni ya kila kipimo chake kueleza kosa lake laweza kufika wapi. Asiyeiandika hajasema jambo zaidi ya mwenziwe, amesema pungufu. Na masufii waliita muhasaba kazi hii ya kuketi usiku na kuihesabia nafsi yako makosa yake kabla hujahesabiwa. Katika darubini ya Fermi ipo kazi inayofanana nayo kabisa: iligundulika kwamba chembe ikipita, athari yake hubaki katika chombo kwa nukta ndogo, na mwale unaokuja nyuma yake husomwa vibaya, umechanganyika na mzimu wa aliyetangulia. Watu walifanya kazi miaka mingi kuitenganisha mizimu hiyo na miale, na mwaka 2015 wakatoa hisabu mpya ya data zote tangu 2008. Darubini ilikuwa angani, hakuna aliyeigusa hata kwa ukucha. Lakini mbingu ilionekana safi zaidi kuliko jana. Ni mara ngapi mimi nimemhukumu mtu wa asubuhi kwa ghadhabu niliyoachiwa na mtu wa usiku!

Kitengela siku hizi haina giza. Taa za viwanda na za Nairobi zimezimeza nyota ndogo zote. Lakini ukishika barabara kwenda kusini, ukapita Isinya na kufika upande wa pili wa mji wa Kajiado, ambako reli ya Magadi inakata nyika na nyumba zimepungua, mbingu hufunguka. Nenda huko katikati ya Januari, kiasi cha saa tano za usiku, usimame ukielekea kaskazini, uinue uso hata ukaribie utosi. Hapo, katika Jauza, ndipo mahali pa Geminga. Macho yako hayataona kitu, wala darubini ya mkononi haitakusaidia. Ipo, na inapiga zaidi ya mara nne kila sekunde.